Nikkor Z 40mm f/2: siku sita mjini na lenzi moja tu

Safari ya mwaka jana nilibeba lenzi tatu nikarudi na bega linalouma. Safari hii nilibeba moja, Nikkor Z 40mm f/2 ya kamera za Nikon, nikarudi na picha nyingi kiasi kwamba hadi leo sijaweza kuzichambua zote. Nilikaa nayo siku sita katika mji ambao sikuwahi kuukanyaga, kuanzia alfajiri hadi taa za barabarani zilipowashwa, na nina mengi ya kuieleza. Lakini kwanza niseme nilivyoifikia. Naamini kwa moyo wote kwamba anayekwenda mjini na lenzi moja hachagui kioo. Anachagua atasimama umbali gani na watu.

Kwa miaka kadhaa lenzi yangu ya safari ilikuwa 24-120mm f/4, ile ya kuvuta na kurudisha: kwenye 24 inaona kwa upana, kwenye 120 inavuta vya mbali. Ni lenzi nzuri na sina ugomvi nayo. Ina gramu 630, na kila kitu unachokihitaji kimo humo ndani. Siku chache kabla ya kuondoka nilikaa chini na picha za safari zangu zote za mjini nikafungua taarifa ambazo kamera huandika ndani ya kila faili: lenzi gani, milimita ngapi, tundu la kupitisha mwanga kiasi gani (ndiyo hiyo f: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana). Nilichokikuta kilinishangaza. Picha zilikuwa zimejigawa mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa kwenye 24, karibu zote majengo, na nyingi kati ya hizo sikukumbuka hata nilizipiga wapi. Fungu la pili lilikuwa kati ya 35 na 50. Humo ndimo zilimokuwa picha zote nilizowahi kuzichapisha na kuzitundika, zote nilizowatumia watu, zote ambazo nikiziona najua nani alikuwa anasema nini. Zilizopita 85 zilikuwa chache, na takriban zote ni za watu ambao hawakujua kwamba nipo.

Ukitaka kuchagua lenzi moja, anza hapo. Usianze kwa kuuliza wengine wananunua nini. Picha zako za zamani zinajua jibu kuliko rafiki yako.

Baada ya hapo nikachukua utepe wa kubandika nikaifunga ile lenzi ya kuvuta isizunguke. Jioni ya kwanza niliifunga kwenye 28, ya pili kwenye 35, ya tatu kwenye 40, ya nne kwenye 50, nikawa napita njia zilezile. Jioni nne zinatosha kabisa. Jioni ya 28 nilijikuta kila mara nikiongeza hatua moja mbele ambayo sikuitaka. Jioni ya 50 nilikuwa narudi nyuma, nakanyaga ukingo wa barabara. Kwenye 35 nilikuwa sawa, ila pembeni mwa fremu kulikuwa kunaingia vitu ambavyo sikuviona nilipoinua kamera. Kwenye 40 nilisahau kabisa kwamba kuna utepe.

Hesabu yake ni nyepesi, na ningependa kila msafiri aijue. Kihisi cha fremu kamili, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Gawanya 36 kwa milimita za lenzi, kisha zidisha kwa umbali uliosimama: hapo unapata upana wa kile kitakachoingia. Kwa lenzi ya 40, ukuta ulio mita 10 mbele yako unaingia mita 9. Kwa 28 zinaingia karibu mita 13, na kwa 50 ni mita 7 na kidogo. Sasa isimamishe kamera wima umtazame mtu mwenye kimo cha mita 1.7. Ili aenee kuanzia unyayo hadi utosi, kwa 40 unasimama karibu mita 1.9 kutoka kwake. Kwa 28 unamsogelea hadi mita 1.3. Kwa 85 unarudi hadi mita 4.

Mita mbili ndipo ninaposimama ninapomsalimu mtu nisiyemjua. Hapo sipazi sauti, na yeye hahitaji kurudi nyuma. Nilipoiona hesabu hiyo nilijua nimepata lenzi yangu.

Wapo watakaosema 50 ndiyo lenzi ya kweli ya mtaani, na wana historia nyuma yao. Kamera ya Leica ya mwaka 1925, kazi ya mhandisi Oskar Barnack, ilitoka na lenzi ya 50, na mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa urefu huohuo. Lakini 40 nayo ina ukoo wake. Rollei 35 ya mwaka 1966, kamera ndogo ya kutia mfukoni, ilikuwa na lenzi ya milimita 40. Leica CL ya mwaka 1973 ilipata lenzi ya Summicron ya 40 yenye f/2. Tena ukipima fremu ya 24 kwa 36 kutoka pembe hadi pembe unapata milimita 43.3, na urefu huo ndio unaohesabiwa kuwa wa kawaida, usiotanua mandhari wala kuibana. 40 iko karibu zaidi na hapo kuliko 50.

Haya, lenzi yenyewe. Ilitoka mwaka 2021. Ina gramu 170, urefu wa takriban sentimita 4.5, na filta zake ni za milimita 52. Ndani kuna vipande sita vya kioo katika mafungu manne, idadi ndogo sana kwa zama hizi, na ndiyo sababu haina uzito. Shingo inayofungia kwenye kamera ni ya plastiki. Najua kuna wanaokunja uso wakisikia hivyo. Kwa lenzi yenye uzito huu mimi sikuona tatizo: haivuti shingo kwenda chini, na sikuwa na sababu ya kuifungua na kuifunga mara kwa mara. Haina kituliza mtikisiko cha ndani, kwa hiyo hapo unategemea kamera yako. Ina pete moja tu, ambayo unaweza kuipangia kazi unayoitaka. Mimi niliipangia kuongeza na kupunguza mwanga wa picha, na kufikia siku ya pili kidole kilikuwa kinaizungusha kabla sijafikiri. Fokasi yake ni ya haraka na haina kelele.

Ukiifungua hadi f/2 na kusogea karibu sana, picha inakuwa laini, yenye mng'ao kidogo kwenye kingo za vitu vyeupe. Ndivyo zilivyo lenzi zenye vioo vichache. Ukifika f/2.8 inakaza, na kati ya f/5.6 na f/8 unaweza kusoma maandishi ya ukutani hadi kwenye pembe za fremu. Ule ulaini wa f/2 niliupenda kwenye nyuso, na kwenye maandishi niliuepuka. Sina zaidi ya hapo la kusema kuhusu ukali wake.

Siku ya pili asubuhi, chini ya ngazi za kituo cha treni, niliona kibanda cha fundi saa. Kilikuwa na upana usiozidi milango miwili. Mzee ameinama, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, taa ya shingo ndefu imemuinamia kama jirani anayechungulia, na nyuma yake saa zimening'inia kwa makumi, kila moja na wakati wake. Nilisimama nje kidogo nikaiacha kamera kifuani hadi aliponitazama, kisha nikaigusa kwa kidole kama swali. Akaitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi.

Kutoka pale niliposimama, mita mbili hivi, kila kitu kiliingia: yeye, taa, saa zote, na ukingo wa ngazi juu yake ukionyesha kwamba watu wanapita kichwani mwake siku nzima. Sikuwa na haja ya kuvuta wala kurudisha. Nikapiga tatu. Nikasogea hatua moja, meza ikaingia na ngazi zikatoka. Nikasogea tena hadi nikawa nimeegemea kizingiti, na hapo nikafika mwisho wa lenzi, kwa sababu inakubali kufokasi hadi sentimita 29, si karibu zaidi. Kwa umbali huo fremu inachukua upana wa sentimita 21 hivi. Mikono miwili ya fundi na saa iliyofunguliwa inaenea vizuri. Gurudumu moja lenye meno, ukubwa wa punje ya mtama, haliwezi kujaa kwenye fremu. Anayetaka hilo anahitaji lenzi ya vitu vidogo. Nilifunga tundu hadi f/4 ili vidole vyote viwe wazi, nikasubiri apumzike kati ya mguso mmoja na mwingine.

Alipomaliza aliomba kuona. Nikamgeuzia kamera. Alitazama picha ya mikono yake kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha bila kusema neno akaisogeza taa yake kidogo kushoto, akaishika tena ile saa, na kunitazama. Alikuwa amenipangia mwanga. Picha iliyofuata ndiyo bora niliyopiga safari nzima: mwanga unapita kwenye meno ya magurudumu na kuangukia kwenye makunyanzi ya kidole gumba. Ukiwa ng'ambo ya barabara na lenzi ya 200, hakuna anayekusogezea taa.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Udogo wa lenzi ulisaidia pia, kwa sababu kamera yenye lenzi fupi haimwelekezei mtu bomba usoni. Lakini kilichofanya kazi hasa ni kwamba nililazimika kuwa pale.

Usiku ndipo nilipoushukuru ule upana wa f/2. Tofauti ya f/2 na f/4 ni hatua mbili za mwanga, maana yake ni mwanga mara nne. Mahali ambapo lenzi yangu ya kuvuta ingenilazimu kupandisha ISO, yaani wepesi wa kihisi kuhisi mwanga, hadi 6400, hapa nilibaki 1600 na kasi ileile ya shata, lile pazia linalofunguka na kufunga. Na katika mji kasi ndiyo kila kitu: mtu aliyesimama anatulia kwenye sehemu moja ya 60 ya sekunde, lakini anayetembea anahitaji 1/250 ili mguu usiwe moshi. Kituliza mtikisiko cha kamera kinatuliza mikono yako wewe, hakimtulizi yeye. Usiku wa tatu ilinyesha, barabara ikawa kioo. Nilisimama chini ya paa la kituo cha basi karibu saa nzima nikiwapiga watu waliokuwa wakiruka maji na miavuli yao. Sehemu ya 250, f/2, ISO kati ya 3200 na 6400. Mvua ilipozidi niliificha kamera ndani ya koti, ikatoshea, jambo ambalo lile zigo la mwaka jana lisingekubali.

Kwenye makumbusho ilinifaa kwa sababu nyingine. Uso wake wa mbele ni mdogo, hivyo ukiuegemeza taratibu kwenye kioo cha kabati, ukiweka mkono pembeni kuzuia mwanga, mwako wa taa unapotea na kinachobaki ni kile kilichomo ndani. Hakikisha tu inaruhusiwa, na usitumie flashi.

Siku ya nne nilikutana na mnara. Mnara mrefu wa mawe katikati ya mji wa kale, umezungukwa na vichochoro, na mimi nimeegemea ukuta wa kichochoro kisichofika mita nane. Niliinua kamera nikaona mawe. Niliisimamisha wima nikaona mawe mengi zaidi. Nilikasirika, nikasema laiti ningekuja na ile ya 24.

Kisha nikafanya hesabu palepale. Mnara wa mita 60, kwa lenzi ya 40 iliyosimamishwa wima, unataka nirudi nyuma mita 67. Kwa 24 unataka mita 40. Nilikuwa na nane. Hakuna lenzi ndani ya begi langu la mwaka jana ambayo ingeufanya mnara ule uingie mzima pale niliposimama bila kuupinda kama unaanguka chali. Zile picha zangu nyingi za 24 nilizozisahau zilikuwa hizihizi: minara iliyopinda, vichwa vya majengo vilivyobanwa kwenye pembe.

Kwa hiyo niliugeuzia mnara mgongo nikatazama waliokuwa wakiutazama. Kulikuwa na mtoto, miaka mitano au sita, aliyelala chali juu ya koti la baba yake katikati ya mawe ya njia, mikono imenyooka, mdomo wazi, akiuangalia mnara wote kwa mpigo mmoja kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ya kuuona wote. Nilimwomba baba ruhusa. Akacheka, akaniashiria nipige. Kutoka juu, mita mbili, mtoto mzima na koti zima. Hakuna jiwe hata moja la mnara kwenye picha ile, lakini ukimtazama usoni unaujua urefu wake.

Mnara mzima niliupata siku iliyofuata kutoka ng'ambo ya mto, mdogo na ulionyooka, na hiyo inatosha kwa kumbukumbu. Kwa mandhari mapana niliisimamisha kamera wima nikapiga fremu nne mfululizo kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikiingia theluthi moja ndani ya mwenzake, programu ikaziunganisha baadaye. Funga mwanga na fokasi kabla ya kuanza, la sivyo mishono itaonekana angani.

Upande wa pili, wa vitu vya mbali, sikuwa na dawa ya kweli. Kulikuwa na mafundi waliokuwa wakipaka rangi mashua upande wa pili wa mto, na nilizitaka zile brashi zao. Kamera inaweza kutumia sehemu ya katikati tu ya kihisi, lenzi ikawa kama ya 60, lakini megapikseli 24 zinashuka hadi kama 10, na mafundi wangu walibaki wadogo. Niliwatazama kwa macho nikaondoka. Kama safari yako ni ya kwenda kuona mpira uwanjani, au kumsikiliza mwanamuziki ukiwa viti vya nyuma, acha hii nyumbani, chukua inayovuta mbali.

Jambo moja kuhusu nyuso. Usimsogelee mtu chini ya mita moja ili kichwa chake kijaze fremu. Pua inatangulia, masikio yanarudi, na hata umpendaye atajiona mgeni. Hilo halitokani na kioo, linatokana na umbali. Simama mita moja na nusu, mpige na mabega, kisha kata baadaye.

Wenye kamera za aina nyingine wanaweza kupata mtazamo huohuo. Kwenye kihisi kidogo cha APS-C kinachozidisha milimita za lenzi kwa 1.5, tafuta lenzi ya 27. Fujifilm wanayo XF 27mm f/2.8, nyembamba kama kipande cha mkate. Kwenye Micro Four Thirds, yenye kihisi kidogo zaidi kinachozidisha kwa 2, ni 20, na Panasonic walitoa 20mm f/1.7 mwaka 2009. Sony wana 40mm f/2.5 G, yenye pete ya tundu kwenye lenzi yenyewe kwa wanaopenda kuzungusha kwa mkono. Canon walikuwa na EF 40mm f/2.8 mwaka 2012 kwa kamera za kioo cha ndani (DSLR). Usihangaike na tofauti ya 40 na 43 au 45. Fanya zoezi la utepe kwanza.

Nilisafiri na mdogo wangu, na kusafiri na mpiga picha ni kazi. Safari iliyopita alikuwa ananisubiri kila kona nikibadilisha lenzi, nimepiga goti, begi limefunguka chini, yeye ameshika vifuniko. Safari hii, siku ya tatu, aliniambia, "Dada, leo hujanisimamisha hata mara moja." Ni kweli. Tulikuwa tunatembea, nainua kamera, nashusha, tunaendelea na mazungumzo pale tulipoyaachia. Kwa siku sita shingo ya kamera haikufunguka hata mara moja, na nilipofika nyumbani nikapiga ukuta mweupe kwa f/16 kutafuta vumbi kwenye kihisi, sikuona hata doa.

Asubuhi ya mwisho, ndani ya treni, aliniomba kamera. Alitaka kunipiga mimi, kwa kuwa katika picha zote za siku sita simo. Tulikuwa tumekaa uso kwa uso, meza ndogo katikati. Akaangalia kwenye kitafutio, akakunja uso, akasimama. Akarudi nyuma hadi kwenye ujia, akaangalia tena, akarudi hatua nyingine mpaka mgongo ukagusa kiti cha upande wa pili, na hapo tu ndipo akatabasamu na kubonyeza. Nikamwambia, "Mdogo wangu, wewe yako ni 28."